Kima, Papa na Punda wa Dobi: Mwongozo wa Kufundisha Kiswahili kwa Ngano Bila Kumkatisha Mwanafunzi Tamaa

Anayefundisha Kiswahili kwa wageni watu wazima ana tatizo ambalo mwalimu wa darasa la kwanza hana: wanafunzi wake wana akili za watu wazima na maneno ya mtoto mdogo. Daktari bingwa huko kwao anakaa mbele yako, anasema "mimi nataka maji", kisha anacheka kwa aibu. Vitabu vingi vya wanaoanza humpa mazungumzo ya sokoni: bei gani, punguza kidogo, asante sana. Yanafaa, lakini utamu wake unakwisha upesi. Hakuna mtu mzima anayetamani kusimulia mara ya tatu jinsi alivyonunua nyanya.

Ngano ina dawa ya hilo. Maneno yake ni machache, yanajirudia, na bado ndani yake mna hila, usaliti na mzaha ambavyo mtu mzima anaweza kuvifikiria akiwa njiani kurudi nyumbani. Mwongozo huu unafuata ngano moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: kima, papa na punda wa dobi. Ilisimuliwa Unguja na ikachapwa London mwaka 1870 katika mkusanyo wa Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu. Nimeichagua kwa sababu ya sarufi iliyomo, na kwa sababu ndani yake kuna hadithi ya pili ambayo kila mwalimu wa lugha angepaswa kuisoma akijitazama yeye mwenyewe.

1. Ijue ngano yote kabla ya kuikata

Wasimulizi hutofautiana, ila kiini ni hiki. Palikuwa na mkuyu mkubwa ufukweni, nusu ya matawi yake juu ya nchi kavu, nusu juu ya bahari. Kila siku kima alikuja kula makuyu, na papa alikuwa chini majini akimwomba amtupie. Kima akamtupia, siku zikapita, urafiki ukakolea. Siku moja papa akasema: umenitendea wema mwingi, nataka nikupeleke kwetu nikulipe fadhila. Kima akasema sisi wa nchi kavu hatuingii majini. Papa akamjibu, panda mgongoni kwangu. Wakaondoka. Katikati ya safari papa akamwambia ukweli: sultani wa kwao ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akaona ameshakwisha. Akajibu kwa utulivu: ungeniambia tukiwa kule kule, ningeuchukua, maana sisi kima tukisafiri huacha mioyo yetu mitini. Papa akageuka. Kima akapanda mti, akanyamaza. Papa akaita, akaita tena. Mwishowe kima akamjibu: unataka kunifanya punda wa dobi?

Papa akauliza huyo ni nani, na hapo hadithi ya pili inaanza. Punda alimtoroka dobi, akaingia porini, akanenepa. Sungura akamwona, akampelekea habari simba, ambaye alikuwa ameugua na hana nguvu za kuwinda. Sungura akamwendea punda na maneno matamu ya posa, akamleta. Simba akamrukia, nguvu hazikutosha, punda akaponyoka. Sungura akamfuata tena, akamwambia kwamba simba alikuwa na hamu tu ya kumkumbatia. Punda akarudi. Mara hii simba akamuua, akamwagiza sungura aichome nyama ila amwekee yeye moyo na masikio. Sungura akavila. Simba alipouliza viko wapi, sungura akasema: huyu alikuwa punda wa dobi, hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi hapa mara ya pili?

Isimulie kwa sauti nyumbani mpaka uweze kuitoa bila karatasi. Mwalimu anayesoma kwenye karatasi huangalia karatasi, na macho ya mwanafunzi ndiyo yanayokuonyesha ni neno gani limempita.

Jua pia kwamba ngano hii imesafiri. Katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa ngano za Wahindi, anayembeba kima ni mamba. Katika Kalila na Dimna, iliyoingia Kiarabu karne ya 8 kwa kalamu ya Ibn al-Muqaffa, ni kasa. Wakorea wana sungura aliyetakiwa ini lake na mfalme wa bahari, na Wajapani wana kima aliyetakiwa ini vilevile. Kwa hiyo ukiwa na mjitoleaji kutoka Seoul au Osaka darasani, huenda akaanza kutabasamu katikati ya hadithi kabla hujafika penye moyo. Ameshajua kitakachotokea, sasa anasikiliza jinsi Kiswahili kinavyokisema. Nafasi hiyo usiipoteze. Muulize, "Kwenu ni nani?" Akijibu "sungura" tu, tayari amechangia jambo ambalo wewe mwalimu wake labda hukulijua.

2. Tafuta sarufi iliyomo, usiipachike

Kosa kubwa la vitabu vya ngano za darasani ni kuandika hadithi ili kufundisha ngeli. Matokeo yake ni vikombe vinavyozungumza na visu. Hapa huna haja ya hilo. Chukua kalamu upitie hadithi, utakuta kila kitu kipo.

Wanyama wote wanachukua a- na wa-: kima alipanda, papa alisema, wanyama walirudi. Kwa Mswahili jambo hili halionekani hata kidogo, lakini mgeni aliyekariri kwamba "ki-" ni ngeli ya vitu atasema "kima kilipanda" na "kiboko kinakuja" kwa miezi. Ngano inamrudishia a- hiyo mara thelathini kwa dakika kumi bila kanuni yoyote ubaoni. Kando ya wanyama umesimama mkuyu (ulikuwa), yameanguka makuyu (yalianguka), ipo bahari (ilikuwa), upo moyo na ipo mioyo. Vitu hivi vinagusana ndani ya tukio moja, na ndivyo ngeli zinavyokumbukwa.

Kisha kuna "nitupie". Papa haombi kwa sentensi ndefu, anatumia kauli ya kutendea yenye kiambishi cha mtendewa ndani yake, na kima anajibu kwa kitendo: akamtupia. Wanafunzi wa mwaka mzima hushindwa kutoa neno hilo wanapolihitaji mezani. Waliosikia papa akilisema kila asubuhi huomba chumvi, "nipitishie", na hawajui wamelitoa wapi.

Kitu cha thamani zaidi kimekaa penye bawaba za hadithi. Kima anajiokoa kwa -nge-: "Ungeniambia mapema, ningeuchukua." Sungura anajitetea kwa -nge-: "Angekuwa na moyo na masikio, angerudi?" Uongo wa wote wawili unapita kwenye mlango huo mmoja wa sarufi. Sijapata mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi wa ngazi ya kati kazi ya -nge-: kuzungumzia ambacho hakikuwa, na kukifanya kiaminike.

3. Punguza hadi mifupa

Kwa wanaoanza, ondoa hadithi ya punda kabisa. Itarudi baadaye. Baki na maneno kama mia, na maneno mapya yasizidi kumi. Tumia -li- peke yake kwanza. Mfano wangu ni huu, ubadilishe upendavyo:

*Hapo zamani palikuwa na kima na papa. Kima alikaa juu ya mkuyu. Mkuyu ulikuwa kando ya bahari. Papa alikaa majini. Kila siku kima alikula makuyu. Papa alisema, "Rafiki yangu, nitupie na mimi." Kima alimtupia. Papa alikula. Walikuwa marafiki.*

*Siku moja papa alisema, "Twende nyumbani kwangu." Kima alisema, "Sijui kuogelea." Papa alisema, "Panda mgongoni kwangu." Kima alipanda. Walikwenda mbali. Katikati ya bahari papa alisema, "Sultani wetu ni mgonjwa. Dawa yake ni moyo wa kima." Kima alisema, "Moyo wangu uko mtini. Turudi." Walirudi. Kima alipanda mtini. Alinyamaza. Papa aliita, "Kima! Twende!" Kima alisema, "Siendi."*

Imekauka, najua. Sauti yako ndiyo itakayoilowesha. Usiongeze vivumishi ili ipendeze. Kinachoipendeza ngano mbele ya anayeanza ni kuielewa.

4. Sema ukweli mkiwa bado pwani

Papa hakukosea kuwa na haja na moyo wa mtu. Alikosea kusema wakati ambapo mwenzake hana tena pa kushuka. Walimu tunafanya hivyo sana: tunaanza na hadithi tamu, wanafunzi wametulia, halafu ghafla, "Haya, wewe pale, simama usimulie." Uso wa mtu hubadilika. Kuanzia kipindi kinachofuata hasikilizi tena hadithi, anahesabu ni lini jina lake litaitwa.

Kwa hiyo kabla ya "hapo zamani", tangaza utakachodai. Kwa mfano: "Leo mtasikiliza tu. Nitauliza maswali ya ndiyo na hapana, mtajibu kwa pamoja. Kesho kutwa mtasimulia wawiliwawili. Atakayependa kusimulia mbele ya wote ataniambia yeye mwenyewe." Ukishasema hivyo, shika ahadi, hata kama mkaguzi amekaa nyuma ya darasa na unatamani kumwonyesha jinsi wanafunzi wako wanavyojua.

5. Simulia, na uwafundishe kuitikia

Anza kwa mwito. Pwani na Kenya watu husema "Paukwa!" na kuitikia "Pakawa!" Sehemu nyingi za Tanzania msimulizi hupaza "Hadithi, hadithi!" na hadhira hujibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Fundisha moja, si zote mbili siku hiyohiyo. Mwito huu una kazi zaidi ya kupamba: ni Kiswahili cha kwanza ambacho mwanafunzi anakisema kwa sauti kubwa, katikati ya sauti za wenzake, pasipo uwezekano wa kukosea.

Simulia mara tatu katika kipindi kimoja. Mara ya kwanza tumia mikono, uso na mchoro wa mkaa au chaki: mti, mawimbi, pezi la papa. Mara ya pili simama kila penye jina ili darasa limalizie: "Papa alikaa..." Wote: "Majini!" Mara ya tatu kosea kwa makusudi. Sema "Kima alikaa majini" uwaache wakukatalie. Watu wazima hufurahia mno kumsahihisha mwalimu, na neno "Hapana!" hutoka kwa nguvu ambayo mazoezi ya kitabuni hayajawahi kuitoa.

Usitafsiri sentensi nzima. Neno likikwama, chora au igiza. Ikishindikana litafsiri hilo neno moja na uendelee.

6. Panda ngazi ya maswali

Maswali ya juu ya tukio moja yapangwe kutoka jepesi kwenda zito. "Kima alikaa juu ya mti?" Ndiyo. "Kima alikaa mtini au majini?" Mtini. "Nani alikaa majini?" Papa. "Papa alitaka nini?" Makuyu. "Kwa nini kima alirudi?" Hapo ndipo wengine watakwama, na hapo ndipo ngazi inapokusaidia: shuka kidato kimoja badala ya kumhamia mtu mwingine. "Kima alirudi kuchukua moyo, au kula makuyu?" Anayejibu "moyo" kwa neno hilo moja amejibu. Wewe malizia: "Naam, alisema anarudi kuchukua moyo."

7. Ngoja, kisha sahihisha kidogo

Hatua hii ndiyo niliyoiandikia mwongozo wote.

Rudi kwa sungura. Watu wengi wakisoma ngano hii humcheka punda, na ngano yenyewe imetungwa ili achekwe. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Punda alikuwa na moyo na masikio. Sungura ndiye aliyevila, kisha akasimama mbele ya simba na kutoa hukumu kwamba havikuwepo. Sasa msikilize mwalimu katika chumba cha walimu: "Yule mama wa Kijerumani hana sikio la lugha kabisa." "Huyu kijana hana moyo wa kujifunza." Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kusema hivyo inafaa ajiulize ni nani aliyekuwa naye darasani wiki zote hizo, akizungumza kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, akimkatiza kila neno la tatu, akimalizia sentensi zake. Sikio lililoliwa haliwezi kuonekana tena kwenye mtihani.

Na yule punda alirudi. Mwanafunzi aliyechekwa Jumatatu akaja tena Jumatano amefanya jambo gumu kuliko kunyambua vitenzi. Katika ngano tunamwita mjinga kwa sababu alirudi penye simba. Darasani kurudi kwake kunategemea sisi tumeamua kuwa nani.

Kwa vitendo, haya ndiyo ninayoyasisitiza.

Kungoja. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi hungoja baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hao walikuwa wanajibu kwa lugha yao wenyewe. Mgeni anayejenga "akamtupia" kichwani ana kazi ya kupata nafsi, wakati, mtendewa, mzizi na kauli. Mpe sekunde saba au nane. Hesabu kimoyomoyo, na usimkodolee macho. Tazama mchoro wa mti ubaoni, naye atautazama.

Ukimya. Kima alipopanda mtini alinyamaza, papa akaita asijibiwe. Darasani yupo mwanafunzi wa namna hiyo, anayeelewa kila kitu na hasemi. Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba wanaojifunza lugha huweza kupitia kipindi cha ukimya, na kwamba hofu huzuia hata lugha waliyoielewa isiwakae. Si kila alichosema Krashen kimekubaliwa na wataalamu, ila hili mwalimu yeyote mzoefu amelishuhudia. Mpe asiyesema kazi isiyohitaji kinywa: apange picha za matukio, anyooshee kidole mnyama anayezungumza, aigize papa wakati mwenzake anasimulia.

Kusahihisha. Chagua kosa la aina moja kwa kipindi. Likiwa ni a- ya wanyama, mengine yapite. Na ulirudishe ndani ya mazungumzo, usilisimamishe mezani:

— Papa ilisema, twende nyumbani.
— Ehe, papa alisema, twende nyumbani. Kima akasemaje?
— Kima alisema... sijua kuogelea.
— Hajui kuogelea, maskini! Halafu?

Hapo "sijua" imepita bila kuguswa, na hakuna aliyekufa. Ukiona mwanafunzi hasikii marekebisho ya namna hii, na wapo wasioyasikia, mwite baada ya kipindi, umwonyeshe sentensi mbili kwenye karatasi. Wengine hupenda kusahihishwa wazi na hukasirika ukiwaachia. Waulize mapema, kila mmoja peke yake, anataka kusahihishwaje. Ni swali la nusu dakika, na sijui kwa nini hatuliulizi.

Vicheko. Darasa likimcheka mtu kwa kosa la matamshi, cheko hilo ni lako kulisimamia, hata kama si wewe uliyelianzisha. Huhitaji hotuba. Chukua neno lake, litumie vizuri katika sentensi inayofuata ya hadithi, na mpe zamu nyingine anayoweza kuishinda.

8. Waachie hadithi

Wiki ya pili hadithi si yako tena. Wapange wawiliwawili, mmoja papa, mmoja kima, wasimulie kila mmoja kwa upande wake: "Mimi ni papa. Sultani wangu ni mgonjwa." Kubadili nafsi kutoka a- kwenda ni- ni zoezi zuri la sarufi, na hutokea jambo jingine ambalo hukulipanga: papa anaanza kupata hoja. Alitumwa. Alimpenda rafiki yake na alimwogopa sultani wake. Nimewasikia watu wenye msamiati wa maneno mia tatu wakibishana juu ya hilo kwa shauku ambayo mada ya "utunzaji wa mazingira" haijawahi kuileta.

Usisahihishe chochote wakati wa ubishi huo. Andika pembeni, urudi kesho.

9. Ongeza -ka-, kisha umrudishe punda

Hadithi ikishazoeleka, isimulie upya kwa -ka-. Kanuni ni fupi: kitenzi cha kwanza -li-, vinavyofuata -ka-. Kima alipanda mti, akanyamaza. Onya jambo moja tu, kwamba ukikanusha unarudi kwenye -ku-: "Papa akamwita, kima hakujibu, papa akamwita tena."

Kwa ngazi ya kati, leta punda wa dobi na -nge- yake. Usianze na jedwali. Andika ubaoni "Ungeniambia mapema, ningeuchukua", waulize kile kiambishi -u- katikati ya "ningeuchukua" ni nini. Ni moyo. Kisha waombe wamsaidie punda: angefanya nini? "Asingerudi." Mwingine aliyejifunzia Nairobi atasema "hangerudi". Vyote vinasemwa, usianzishe vita. Waombe pia watunge ushauri ambao kima angempa punda kama wangekutana. Hapo wataandika kurasa.

10. Mahali pa kuangalia

Ngano hii ina mtu anayebebwa baharini na aliyemwamini, kisha anaambiwa katikati ya maji kwamba atauawa. Ukiitumia kufundishia wakimbizi au wahamiaji, lugha yoyote ile, huenda aliye mbele yako amevuka bahari ya namna hiyo. Usimuulize hadharani. Ukiwa na shaka, chagua hadithi nyingine, zipo tele. Posa ya uongo ya sungura nayo ipime kulingana na walio darasani.

Na watoto wa Waswahili waliozaliwa ughaibuni, Muscat au Minneapolis, ni kundi la peke yao. Wanaelewa zaidi ya wanavyosema, na wengi wameshachekwa na shangazi simuni. Kwao anza na hatua ya nane mapema, waache waingize maneno ya lugha yao nyingine, na wape kazi ya kumsikilizisha bibi hadithi hiyo ili bibi asimulie anavyoijua yeye.

11. Daftari la mwalimu

Baada ya kipindi, kabla hujafunga mlango, andika mistari michache. Nani sikusikia sauti yake leo? Ni wapi nilijibu swali langu mwenyewe? Nilimkatiza nani? Mara moja kwa mwezi rekodi kipindi kwa simu, kwa ridhaa ya wanafunzi, ujisikilize. Utashangaa jinsi ulivyo msemaji.

Mkiwa walimu kadhaa, kaeni pamoja msome hadithi ya punda peke yake, kila mmoja aeleze tukio la karibuni darasani na aseme yeye alikuwa mnyama gani. Sharti ni moja, kwamba jina la mwanafunzi halitajwi. Msimsahau simba. Simba hafundishi, ila ndiye anayedai nyama iletwe: mtaala umalizwe, matokeo yawe mazuri, ada irudi. Sungura naye ana njaa yake. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini na mshahara uliochelewa anahitaji kuhurumiwa kabla ya kuhubiriwa huruma, na kikao kikiishia kwenye ombi la kupunguza idadi ya wanafunzi au kurefusha kipindi, hakikupotea.

12. Kupima

Usiwape maswali ya kujaza nafasi. Mwanafunzi akusimulie ngano peke yenu wawili, kwa picha sita alizochora mwenyewe. Sikiliza kama hadithi imefika, kisha kama a- na -ka- zimekaa. Mruhusu arudie wiki inayofuata bila adhabu ya alama.

13. Ngano inayofuata

Ukimaliza, usirukie nyingine kwa sababu inachekesha. Tazama darasa lina upungufu gani. Wanaohitaji kulinganisha wapewe mashindano ya sungura na kobe: kasi kuliko, polepole zaidi, wa kwanza, wa mwisho. Wanaohitaji -taka na dhamira wapewe fisi aliyefika njia panda akasikia harufu ya nyama pande zote mbili. Ni fupi, inaingia katika dakika kumi, na inawaachia methali "njia mbili zilimshinda fisi". Wanaohitaji ukanushi na wingi wapewe wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame huku sungura akikataa: walichimba, hakuchimba, walikunywa, walimkataza. Hiyo ya kisima inataka sauti nyingi, basi igawe kwa kundi zima, na yule aliyekuwa amenyamaza tangu hadithi ya kima mpe nafasi ya chura ikiwa toleo lako linaye, maana katika matoleo yenye chura yeye hungoja kimya ndani ya maji hadi mwisho, ndipo anamkamata sungura mguu.